Silanga ya Mpima

Siku ya pili baada ya mvua ndiyo aliyopenda kuwatembelea watu. Si siku ile ile, maana ardhi bado inateleza na kila mtu yuko shambani anapanda. Ni siku ya pili, jua likishatoka na udongo umeanza kushikana. Alikuwa anaingia bomani kwako bila hodi, hapiti mlangoni, anakwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba na kuanza kuangalia chini. Alikuwa anafuata njia ya maji. Mahali maji yalipokusanya majani makavu na mavi ya mbuzi, anasimama na kuchokora kwa kijiti. Ndipo anakuita.

"Mvua yako ya juzi iko wapi?"

Wengi wetu tuliinua mabega. Mvua si ilinyesha, ikaenda. Yeye anakuonyesha kwa kidole kule bondeni, kwenye kijito kinachopeleka maji yake mto Athi. "Iko kule. Umempa nani? Unamjua jina?" Halafu anaondoka hata chai hajanywa.

Mama huyu tulimwita Mpima. Jina alikuwa nalo, na liko kwenye kitabu cha kanisa, lakini katika kijiji chetu, upande wa Kathonzweni, hakuna aliyelitumia. Hata watoto wake wa kuzaa nimewasikia wakisema, "Mpima ameenda soko."

Kazi yake ilikuwa kupima mteremko wa mashamba. Vifaa vyake vilikuwa vijiti viwili vya mti wa mkau vyenye urefu sawa, kamba ya nailoni kama ile ya mafundi wa nyumba, na pimamaji ndogo ya kioo, saizi ya kidole, yenye povu la hewa ndani. Pimamaji anaitundika katikati ya kamba. Mtu mmoja anashika kijiti huku, mwingine anashika kule, na yeye anachuchumaa katikati, jicho kwenye povu.

"Panda. Panda kidogo. Sasa shuka. Wewe, nimesema shuka, sijasema ulale."

Povu likitulia, anachoma kigingi. Vigingi vikishaenea shambani unaona mstari ambao macho yako peke yake yasingeuona, usiopanda wala kushuka, ukizunguka kilima kutoka mpaka hadi mpaka. Hapo ndipo unachimba mtaro, na udongo wake unautupa upande wa juu. Ndiyo maana mtaro wa namna hiyo tunauita fanya juu. Mvua ikija, maji yanafika pale, yanasimama, yanazama ardhini kwako.

Alijifunza kutoka kwa afisa mmoja wa kilimo aliyefundisha kina mama kwa wiki moja kisha asionekane tena. Pimamaji ilikuwa ya yule afisa. Wengine husema alimwachia, wengine husema aliisahau naye Mpima akanyamaza. Mimi nilimuuliza.

"Angeitaka angerudi," akasema.

Hakuwa mtu mtamu. Kuna mzee mmoja jirani yetu aliyechimba mtaro wake wote, kazi ya wiki tatu, na Mpima alipokuja kuukagua akakuta umeteremka upana wa vidole vinne kuelekea kwenye kona. Akamwambia aufukie aanze upya. Mzee akadhani ni mzaha. Mpima akachukua jembe, akaufukia yeye mwenyewe ule mwisho wa mtaro, mzee akimtazama, akamrudishia jembe lake mkononi. "Mvua kubwa moja ingepasulia hapo," akasema. "Na ingepasulia kwa jirani yako, si kwako." Yule mzee hakumsalimu mwaka mzima. Lakini alianza upya.

Kanisani pia walimwona msumbufu. Mwaka mmoja mvua ilichelewa, na mchungaji akaitisha ibada ya maombi siku ya Jumatano. Watu walifunga, wakapiga magoti, wakalia. Ilipofika zamu ya kina mama, Mpima akasimama akasema, "Mungu alituma mvua mwezi wa nne. Tuliiangalia ikipita. Kabla ya kuomba nyingine, tuombe msamaha kwa ile." Mchungaji akaanzisha wimbo upesi upesi. Baada ya ibada kina mama walimweka kando, wakamwambia ameaibisha maombi, na kwa miezi kadhaa hakupewa tena nafasi ya kuongoza. Hakuacha kwenda. Kila Jumapili alikuwa pale, kitambaa cheupe kichwani, akiimba kwa sauti kubwa iliyokosa mpangilio.

Mtu angedhani mama wa namna hiyo aliipenda mvua. Aliiogopa. Radi ya kwanza ikipiga tu, anaingia ndani, anafunika kioo kwa kanga, anavua bangili, anapanda kitandani na kukunja miguu. Nilimkuta hivyo siku moja nilipokimbilia kwake kujikinga. Mtu aliyekuwa ameishi miezi mitano akilisubiri wingu lile alikuwa anatetemeka kama aliyeshikwa na malaria. "Kaa mbali na mlango," akaniambia. "Ikiisha uniambie imeingia kiasi gani kwenye mitaro." Mimi ndiye niliyetoka kwenda kuangalia.

Na maji alikuwa mchoyo nayo kupita kiasi. Kwake huoshi mikono ovyo. Unanawa juu ya karai, na karai linamwagwa kwenye mpapai. Ukisuza kikombe mara mbili anakukemea. Lakini kando ya nyumba alikuwa na waridi moja jekundu, na lile waridi alilinywesha maji safi ya kunywa, kikombe kizima, hata wakati wa kiangazi. Shemeji yangu, mke wa kaka yangu, aliwahi kumuuliza kwa utani kama waridi linaliwa. Mpima hakucheka. "Hilo ni langu," akasema.

Sisi tulimjua kwa sababu alitupimia. Baba yetu alikufa akatuachia kipande cha mteremko, mimi na kaka yangu, udongo mwekundu uliokuwa unapungua kila mwaka hadi mizizi ya miti ikabaki nje. Kaka alijenga upande wa chini, mpakani kabisa na Mpima. Mimi nilijenga juu. Alikuja siku tatu, akatupimia mitaro saba, akapewa kuku mmoja na kunde kidogo. Tulichimba kiangazi chote tukinung'unika. Msimu uliofuata mvua ilinyesha mara nne tu, ikakatika. Mahindi ya watu yalijisokota yakakauka yakiwa ya kimo cha goti. Yetu nayo hayakufika mbali, lakini ndengu zilikomaa. Mama yetu alikuwa hai bado. Alishuka hadi kwenye mtaro wa tatu, akakaa chini, akachimba kwa vidole mpaka akafikia udongo wenye unyevu, akaushika mkononi muda mrefu. Mwaka ule sisi hatukupanga foleni ya chakula cha msaada.

Naeleza haya ili ieleweke kwamba huyu mama hakuwa mtu baki kwetu. Tulikula kwa mkono wake. Yaliyofuata yasingekuwa mazito hivi kama angekuwa mtu baki.

Barabara yetu ilipopanuliwa, waliweka kalvati, bomba la kupitisha maji chini yake, kwenye kona ya juu ya shamba lake. Kabla ya hapo maji ya barabara yalikuwa yanatawanyika kila mahali. Sasa yalikusanywa yote na kumwagwa sehemu moja, kwake. Mtu mwingine angekimbia kwa naibu wa chifu kulalamika. Mpima alingoja mvua ndogo isiyo na radi, akaenda kusimama mdomoni mwa kalvati, maji yakimpita kwenye vifundo vya miguu, akarudi anacheka. Ilikuwa nadra kumwona akicheka.

"Barabara imeniletea mvua ya watu wote," akasema. "Nachimba silanga."

Silanga ni bwawa la kuchimba. Alitaka lake liwe kubwa, la kunywesha mboga na miche ya machungwa kwake na kwa majirani waliomzunguka. Tulilichimba kwa mwethya, yaani kwa zamu ya kusaidiana, watu kumi na wawili, kwa sururu na majembe, tangu mwezi wa saba hadi wa tisa. Kina chake kilikuwa kimo cha watu wawili. Mradi mmoja ukampa plastiki nzito nyeusi ya kutandika ndani ili maji yasinywewe na ardhi.

Ile plastiki ikilowa inateleza vibaya. Mpima alilijua hilo kabla ya mtu yeyote. Siku tulipomaliza kuitandika alimwaga karai la maji ukingoni, akavua viatu, akashuka hatua mbili, akajaribu kupanda. Hakuweza. Tulimvuta kwa mikono. Jioni hiyo hiyo alifunga kamba nene yenye mafundo kwenye nguzo na kuiacha ikining'inia hadi chini, akatengeneza vidaraja vya kukanyagia upande huo. Halafu akatugawia kazi ya mwisho, ua wa miiba kuzunguka silanga yote.

"Upande unaoangalia kwa kaka yako ni wako," akaniambia. Kaka yangu ni fundi wa mawe, na wakati huo alikuwa na kazi mjini Wote, anarudi mwisho wa mwezi. "Lete miiba kabla ya mvua."

"Sawa, mwaitu," nikasema. Mwaitu ni mama yangu, ndivyo tunavyomwita mama yeyote wa umri ule.

Wengine walileta yao. Aliniuliza baada ya siku nne, nikasema kesho. Akaniuliza tena kanisani, nikasema kesho. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na shida. Miiba ilikuwa inakua umbali wa kutupa jiwe kutoka nyumbani kwangu. Nilikuwa naahirisha tu, kwa vile mbingu ilikuwa nyeupe na sote tulijua mvua ni ya mwezi wa kumi na moja.

Ilikuja mapema. Ilinyesha Jumanne alasiri, saa mbili bila kupumzika, na kalvati ikamwaga kila kitu mle ndani. Jumatano asubuhi silanga ilikuwa imejaa theluthi mbili, maji ya rangi ya chai ya maziwa, vyura wakilia. Watu walikuja kutazama. Nilipita hapo nikielekea Kathonzweni kutengeneza simu yangu iliyokuwa imepasuka kioo. Mpima alikuwa amesimama penye pengo langu na panga mkononi.

"Leo," akaniambia.

"Nikirudi tu, mwaitu. Kabla ya saa nane."

Kaka yangu alikuwa na binti wa miaka minne, jina lake Mutheu. Aliniita baba mdogo kwa sauti ya kuamrisha, na nikija kwao mikono mitupu alikuwa ananipekua mifuko. Alikuwa hajawahi kuona maji mengi mahali pamoja. Maji kwake yalikuwa kitu cha kwenye mtungi. Mama yake alikuwa upande wa pili wa nyumba anapanda mbaazi, udongo ukiwa bado na unyevu, kama wengi walivyokuwa wanafanya siku ile. Tunadhani mtoto alifuata vyura.

Nilirudi kwa bodaboda saa tisa na nusu. Nilisikia kilio tangu barabarani. Nilipofika, Mpima alikuwa amekaa ukingoni, gauni limemshika mwili, mtoto mapajani. Hakujua kuogelea. Alikuwa ameshuka kwa ile kamba hadi maji yakamfika kidevuni, akampapasa kwa miguu mpaka akampata. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imechunika. Alinitazama mimi, akatazama pengo, akamtazama mtoto. Akaninyooshea Mutheu nimpokee, nikampokea.

Tulizika Ijumaa. Jumatatu naibu wa chifu akaita watu palepale kando ya silanga. Kaka yangu alikuwapo, macho yamevimba. Shemeji alikuwa amekaa chini na kina mama, kanga imemfunika hadi usoni. Wazee wakasema shimo lifukiwe. Mmoja akauliza, "Kwani ua haukuwa umegawanywa? Huu upande ulikuwa wa nani?"

Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, kofia mkononi. Nilifungua mdomo. Mpaka leo nakumbuka kwamba niliufungua.

"Silanga ni yangu," Mpima akasema. "Hakuna upande wa mtu."

Nikafunga mdomo.

Kaka yangu akatema mate chini mbele yake, akaondoka. Mpima hakumfuata kwa macho. Aliinuka, akaenda akapiga magoti mbele ya shemeji yangu, mwanamke wa umri wa binti yake, akamwambia, "Ukisema nifukie, naanza leo. Kwa mikono yangu." Shemeji hakujibu. Alikaa vilevile, na baadaye kina mama wakamshika mikono wakampeleka nyumbani. Kwa vile hakusema ndiyo wala hapana, silanga ilibaki.

Alasiri ile nilikata miiba. Niliziba pengo, nikaendelea kukata, nikaweka tabaka la pili na la tatu, mpaka mikono ikajaa damu na hakuna mbuzi wala panya ambaye angepita. Mpima alikuwa ameniona kutoka mlangoni kwake. Hakuja.

Baada ya hapo aliacha kupima. Mtu akimwita anamtuma mjukuu ampelekee vijiti na kamba, na mtu huyo anajipimia ajuavyo. Hakuingia tena bomani kwa watu baada ya mvua. Wengine walishukuru kimya kimya. Kanisani aliimba kwa sauti ya chini, na hilo lilinitisha kuliko kama angenyamaza kabisa. Mimi nilimkwepa. Nilijua njia zake za kwenda soko na kisimani, nikatumia nyingine. Aliponikuta uso kwa uso alinisalimu kama mtu yeyote, akauliza habari za nyumbani, akapita. Hakuwahi kulitaja. Nilianza kumchukia kwa kutolitaja.

Kisha misimu miwili ikafuatana bila mvua ya maana. Mvua ya Aprili ilinyesha kidogo tu, ile ya mwisho wa mwaka ikawa mawingu matupu. Ng'ombe walianza kuanguka. Maji ya karibu yakawa yale ya kufukua kwenye mchanga wa mto, na kwenda na kurudi ni nusu siku. Silanga ya Mpima ilikuwa na maji. Si mengi, lakini yalikuwapo, chini kabisa, ya kijani. Aliwafungulia watu wote, mtungi mmoja kwa kila nyumba kila siku, na yeye amesimama langoni kuhakikisha hakuna mtoto anayevuka.

Shemeji alipita pale kila alfajiri kwenda mtoni. Mtungi tupu mgongoni, mshipi kichwani, macho mbele. Alikuwa amejifungua mwingine, mvulana, na alimbeba kifuani. Alifanya hivyo kama wiki sita. Kila nyumba kijijini inachota pale, isipokuwa yake, ambayo ndiyo ya karibu kuliko zote. Akakonda. Maziwa yakaanza kumkauka.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye foleni nilipomwona akikaribia. Alifika usawa wa lango, akasimama. Mpima akafungua lango lote.

"Ingia, mwanangu."

"Siingii," shemeji akasema. "Nichotee wewe."

Akavua mtungi, akauweka chini nje ya lango. Mpima akauchukua, akajifunga mshipi kichwani, akashuka kwa vidaraja, mama wa miaka yake, magoti yakitoa sauti. Akapanda nao umejaa. Akauweka palepale alipoukuta. Shemeji akaubeba akaenda, asante hakusema. Kesho yake ikawa hivyo, na kesho kutwa. Ikawa hivyo kiangazi chote, karibu mwaka, mpaka mvua iliporudi. Wanawake wengine walijitolea kumshukia Mpima, akakataa. Mimi pia nilijitolea siku moja, kwa sauti ndogo. Alinitazama tu.

Kwa maji hayo yule mvulana alikua. Sukuma wiki alizokula zilinyweshwa kwa maji hayo. Mpima na shemeji walilijua hilo wote wawili.

Magoti ya Mpima yaliisha miaka michache baadaye, na macho yakafuata. Binti yake aliyeolewa Matinyani akaja akamchukua. Aliondoka na mfuko mmoja. Mwanawe wa kiume akabaki na shamba, na iliposikika kwamba barabara itatiwa lami, akaifukia silanga ili ajenge vyumba vya maduka mbele. Watu walimpongeza. Wengine walisema afadhali, hatimaye lile shimo limeondoka.

Hakuna aliyefikiria kalvati. Mvua ya msimu uliopita ilipopiga, maji ya barabara yalikuja kama kawaida yake, yakakuta silanga haipo, yakapinda. Yaliingia kwa kaka yangu kupitia pale ambapo pengo langu lilikuwa. Yakavunja mtaro wa kwanza, na kila mtaro ulipovunjika maji yaliongezeka nguvu kwa ajili ya unaofuata. Kwa alasiri moja mitaro saba yote ilikatika katikati. Ndengu zilikwenda na udongo wake. Tulipotoka kutazama kulikuwa na korongo la kimo cha kifua kutoka barabarani hadi kijitoni.

Jioni tulikaa kwa kaka, yeye, mkewe na mimi. Kaka alikuwa amelowa bado. Akasema, "Yule mama ametuua mara mbili. Kwanza mtoto, sasa shamba. Mungu amlipe huko aliko."

Sikupanga kusema. Nilisema tu. Nilimwambia upande ule wa ua ulikuwa wangu, kwamba niliombwa mara tatu na siku yenyewe mara ya nne, kwamba nilikwenda kutengeneza kioo cha simu. Nilisema kwamba pale kwenye mkutano swali lilipotolewa Mpima alijibu vile nikiwa nimesimama nasikia.

Kaka alinitazama muda mrefu, akainuka akatoka nje kwenye mvua. Hajazungumza nami tangu siku hiyo, na sioni kama atazungumza. Shemeji alibaki amekaa. Nilingoja anipige, au apige kelele.

"Kwa hivyo," akasema polepole, "alinichotea maji mwaka mzima, na halikuwa pengo lake?"

"Halikuwa lake."

"Na wewe ulikuwa kwenye foleni."

"Ndiyo."

Akajifunga kanga kiunoni, akasema, "Nipeleke kwake."

Tulifika Matinyani Jumamosi, karibu saa sita. Njia nzima hakuniambia neno. Binti wa Mpima alitukaribisha, akasema mama yuko uani, anaota jua. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, macho yamefunikwa na utando mweupe. Alikuwa amekuwa mdogo sana. Nikamsalimu, akaitambua sauti yangu mara moja, akageuza kichwa kutafuta mtu wa pili.

"Uko na nani?"

"Ni mimi, mwaitu," shemeji akasema, akakaa chini karibu na miguu yake.

Mpima akanyoosha mkono hewani, shemeji akaushika. Walikaa hivyo.

"Ameniambia," shemeji akasema. "Mbona wewe hukusema?"

"Ningesema nini? Niliona lile pengo asubuhi ile. Panga lilikuwa mkononi. Nikasema hapana, nitamngoja, ni lazima huyu ajifunze. Nilimngoja. Nikaingia ndani kupika."

Jogoo wa jirani aliwika. Binti yake alikuwa jikoni anachochea moto. Mimi nilikuwa nimesimama, sijaambiwa nikae.

"Mwaitu," shemeji akasema. "Nilikuwa nakuchukia kila asubuhi. Ukishuka kule chini na mtungi wangu, nilikuwa nasimama pale langoni naomba uteleze. Naomba kwa Mungu. Kila siku."

"Nilijua," Mpima akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nashika ile kamba kwa mikono yote miwili."

Shemeji akaweka paji la uso kwenye goti la yule mama, akalia. Hakuwa amelia mbele ya watu tangu mazishi. Mpima alimwacha alie. Alimpapasa kichwani kwa kiganja chenye makovu, polepole, akimgusa nywele, masikio, shingo, kama mtu anayejifunza sura ya mwenzake kwa mara ya kwanza.

Baadaye, kwa sauti ya kawaida, akauliza kuhusu korongo. Shemeji akamweleza lilipoanzia, upana wake, mitaro iliyokatika. Mpima aliuliza maswali mengi, yote akamuuliza yeye. Alimwambia maji yakingwe juu kabisa, kabla hayajaingia shambani, na kwamba mitaro ya zamani isiguswe mpaka hilo lifanyike, la sivyo ni kazi bure. Alimwambia avitafute vijiti, viko juu ya dari ya jikoni kwa mwanawe kama hawajavichoma. Shemeji alikuwa anaitikia kwa kichwa, kisha anakumbuka kwamba mwenzake haoni, anaitikia kwa mdomo.

Chakula kikaja, muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, pamoja na maharagwe. Binti wa Mpima aliwawekea wale wawili sinia moja katikati yao, na shemeji akawa anasogeza chakula upande wa mama mkono wake unapokifikia. Mimi nililetewa sahani yangu peke yangu, kwenye stuli kando ya ukuta. Nikala.